Mtu na Mbwa Wake Katika Mashua: Maradhi Madogo na Maana Yake

Maelfu ya watu nchini Uingereza hawana nyumba ya matofali. Makao yao ni mashua ndefu za chuma zinazoelea katika mifereji, ambayo mingi yake ilichimbwa na vibarua kati ya miaka ya 1760 na 1840 ili kusafirishia makaa ya mawe, pamba na vyombo vya udongo. Baadaye reli iliinyang'anya mifereji hiyo mizigo yake, na malori yakamalizia kazi iliyoanzwa na reli. Lakini mifereji yenyewe ilibaki. Shirika la Canal & River Trust, ambalo tangu mwaka 2012 linatunza sehemu kubwa ya njia za maji za England na Wales, lina mifereji na mito yenye urefu wa kilomita 3,200 hivi. Mfereji wa Grand Union peke yake, utokao London hadi Birmingham, una urefu wa kilomita 220 na malango ya maji 166, yaani vyumba vyenye milango pande mbili ambamo maji hujazwa au hupunguzwa ili mashua ipande au ishuke kufuata mwinuko wa nchi.

Malango hayo ndiyo yaliyoamua umbo la mashua. Katika mifereji mingi ya England ya kati lango lina upana wa mita 2.1 tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo mashua huweza kurefuka hadi mita 21, lakini haiwezi kupanuka. Ndani ya chumba hicho chembamba hukaa mtu mmoja au wawili, jiko la makaa, jiko la gesi, tangi la maji, choo, injini na, mara nyingi, mbwa.

Kuumwa kichwa, kikohozi, mchubuko na homa ya siku mbili huwapata watu wa mashua kama yanavyompata mtu yeyote. Tofauti ni hii: katika nyumba pana, mgonjwa na chanzo cha ugonjwa wake huweza kuwa mbali mbali, katika mashua vyote viwili vimo katika chumba kimoja. Hivyo kila dalili ndogo ni habari juu ya hali ya mashua yenyewe, na anayeimeza habari hiyo pamoja na kidonge bila kuisoma anaweza kujuta. Mbwa naye ni mwili wa pili unaovuta hewa ile ile na kulowa maji yale yale, ila hana ulimi wa kueleza analoliona. Kuyasoma maradhi madogo ya wawili hawa ni zoezi zuri la kemia na biolojia kwa pamoja, na baadhi ya majibu yake yanahusu moja kwa moja nyumba za Afrika Mashariki.

MAUMIVU YA KICHWA YANAYOPOA NJE

Tuseme ni asubuhi ya Januari. Mwenye mashua anaamka na kichwa kizito, kichefuchefu kidogo na uchovu usio na sababu. Anamtoa mbwa wake matembezini kando ya mfereji. Baada ya nusu saa ana nafuu. Anarudi ndani, anachochea jiko, na kabla ya saa sita kichwa kinamgonga tena. Mtu wa namna hiyo husema ameshikwa na mafua, na dalili zake zinafanana na mafua kweli. Lakini mafua hayamwachi mgonjwa anapotoka mlangoni na kumngoja arudi. Maumivu yafuatayo ramani ya mashua badala ya saa za mwili yana chanzo ndani ya mashua, na la kwanza kushukiwa ni kaboni monoksidi.

Makaa yanapoungua kwa hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni hupata atomu mbili za oksijeni:

C + O₂ → CO₂

Hewa ikipungua, kwa kuwa bomba la moshi limeziba kwa masizi au tundu la hewa limefungwa, sehemu ya kaboni hupata atomu moja tu:

2C + O₂ → 2CO

Hata kabonidioksidi iliyokwisha kutengenezwa chini ya jiko huweza kupita juu katika makaa mekundu na kugeuka kuwa kaboni monoksidi: CO₂ + C → 2CO. Ndiyo sababu jiko lenye makaa yaliyorundikwa na kufifizwa usiku kucha ni la hatari kuliko jiko linalowaka kwa nguvu, ingawa hilo la kwanza huonekana pole zaidi.

Gesi hiyo haina rangi, harufu wala ladha. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mfaransa Claude Bernard alieleza katikati ya karne ya 19 kwamba gesi hii huua kwa kuinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Mhanga wake hukosa oksijeni huku akiendelea kupumua vizuri, na mwili wake haumwonyi, kwa kuwa ile hali ya kutweta huletwa zaidi na wingi wa kabonidioksidi, ambayo bado inatoka mapafuni kama kawaida.

Hesabu fupi itaonyesha udogo wa kiasi kinachotosha kuleta msiba. Chumba cha mashua chenye urefu wa mita 12, upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.9 kina hewa ya mita za ujazo 41 hivi, yaani lita 41,000. Hewa yenye sehemu 1 ya kaboni monoksidi katika sehemu 1,000 ikivutwa kwa saa chache huweza kuua. Kwa chumba hiki sehemu hiyo ni lita 41. Moli moja ya gesi katika joto la chumbani huchukua lita 24. Kwa hiyo lita 41 ni moli 1.7, na moli 1.7 za kaboni zina uzito wa gramu 20 tu. Kipande cha makaa kinachofunikwa na kiganja cha mtoto, kikiungua vibaya na moshi wake ukakosa njia, kinatosha. Wanafunzi wanaweza kurudia hesabu hii kwa vipimo vya chumba chao cha kulala. Jibu halitakuwa la kuburudisha.

Je, mbwa hawezi kuwa mlinzi? Fikra hiyo ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanafiziolojia J. S. Haldane alishauri wachimba makaa ya mawe wa Uingereza washuke na wanyama wadogo, kwa sababu mnyama mdogo hupumua kwa kasi na damu yake hujaa gesi upesi kuliko ya mtu. Ndege wa kanari walitumika migodini mpaka mwaka 1986. Lakini mbwa si kanari. Umbo lake ni kubwa zaidi, na usiku hulala kama bwana wake. Mbwa mlegevu, anayetapika au kuyumba ndani ya mashua kisha akachangamka nje ni ushahidi mkubwa, na mtu anayeumwa kichwa hana budi kumtazama mbwa wake kabla ya kutafuta aspirini. Mbwa mchangamfu, kwa upande wake, hathibitishi lo lote.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa, kwa kuwa hulala sakafuni, yuko salama au yuko hatarini zaidi kuliko mtu aliye kitandani. Kemia haikubali. Molekuli ya CO ina uzito wa 28, na wastani wa hewa ni 29. Gesi hii hainyanyuki wala haizami, bali huchanganyika na hewa na kujaa kila mahali. Gesi ya kupikia ndiyo iliyo nzito: propani ina uzito wa 44 na butani 58, nazo zikivuja hutiririka kama maji na kukaa chini kabisa ya mashua, mahali ambapo hapana dirisha.

Kwa hiyo kazi ya ulinzi imepewa chombo. Tangu tarehe 1 Aprili 2019 kanuni za usalama wa mashua nchini Uingereza zinadai kengele ya kaboni monoksidi katika mashua zenye mahali pa kuishi. Kengele hiyo hujaribiwa kwa kubonyezwa mara kwa mara. Ikilia, tendo la kwanza ni kutoka nje, mtu na mbwa, na kuacha milango wazi. Kuzima jiko hufuata ikiwa kunawezekana bila kukawia. Damu huhitaji muda kuiachia gesi: mtu anayepumua hewa safi hupoteza nusu ya kaboni monoksidi iliyo damuni kwa saa nne au tano, na anayepewa oksijeni tupu hospitalini huchukua saa moja na nusu hivi. Kujisikia vizuri baada ya dakika kumi si kupona.

Ni wazi kwamba somo hili halihitaji mfereji wala barafu. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi kule Njombe, Limuru au Bukavu, mlango ukafungwa, hufanya kemia hiyo hiyo, na familia nzima huweza kukutwa asubuhi haina uhai.

MAJI YATOKAYO KATIKA MOTO

Kwa nini basi mtu mwenye akili zake azibe tundu la hewa? Kwa sababu linaingiza baridi, na kwa sababu kuta zake zinatoka jasho. Malalamiko makubwa ya watu wa mashua wakati wa baridi ni unyevu: godoro lililolowa upande wa chini, madoa meusi ya kuvu pembezoni mwa madirisha, kikohozi kisichokwisha, na kwa wenye pumu, kifua kinachobana usiku.

Wengi hudhani maji hayo yanapenya kutoka mferejini. Kwa kawaida sivyo. Mtu mzima aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi kati ya gramu 30 na 50 za maji kila saa. Mbwa, ambaye hatoi jasho kwa ngozi yake kama mtu bali hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, naye huongeza fungu lake, bila kuhesabu maji aliyoyabeba katika manyoya yake kutoka matembezini. Lakini mchango usiotazamiwa ni wa jiko la gesi:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Gramu 44 za propani hutoa gramu 72 za maji. Mtungi wa kilo 13 ukimalizika, kiasi cha lita 21 za maji zimemwagwa hewani kama mvuke. Chuma cha mashua, ambacho nje yake kina maji ya nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, huupoza mvuke huo ukageuka matone, kama glasi ya maji ya barafu inavyolowa nje katika mgahawa wa Dar es Salaam.

Hapo ndipo maradhi madogo huanza kuzaana. Unyevu huleta kuvu. Vijimbegu vya kuvu huleta kikohozi. Mwenye kikohozi huogopa baridi na kuziba matundu. Matundu yakizibwa unyevu huongezeka na jiko hukosa hewa. Na jiko linalokosa hewa huleta yale maumivu ya kichwa yaliyokwisha kuelezwa. Dawa ya kikohozi haikati mnyororo huo popote. Hukatwa kwa kufungua tundu, kufunika sufuria, kumkausha mbwa kwa taulo kabla hajaingia, kuanika taulo hilo nje ikiwezekana, na kuacha nafasi ya hewa kupita chini ya godoro. Joto kavu lenye upepo kidogo hushinda joto kali lililofungiwa. Mwenye mashua hulipa makaa zaidi kidogo, na ni vigumu kumpa rai nyingine.

Mbwa naye hudhurika na unyevu. Manyoya yasiyokauka, hasa chini ya ukosi na katikati ya vidole, hulea vidonda vyekundu vya ngozi, na masikio marefu yaliyolowa huoza ndani kwa bakteria na hamira. Mbwa anayetikisa kichwa na kujikuna sikio moja tu anaeleza mahali penyewe. Daktari wa mifugo ndiye wa kutazama ndani. Kijiti cha pamba kinachosukumwa na mikono isiyozoea husindika uchafu chini zaidi.

HOMA INAYOJIFANYA MAFUA

Maji ya mfereji yana sura ya utulivu, na panya huyapenda. Katika figo za panya wengi huishi bakteria aitwaye leptospira, mwembamba kama uzi uliosokotwa, mwenye ncha zilizopinda kama ndoano. Panya mwenyewe haugui, lakini huwatoa bakteria hao kwa mkojo muda mrefu sana, pengine maisha yake yote. Majini au katika tope lenye unyevu huweza kuishi kwa majuma, kisha humwingia mtu kwa mkato au mchubuko wa ngozi, au kwa utando laini wa macho, pua na kinywa.

Daktari Mjerumani Adolf Weil aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886, naye Mjapani Ryokichi Inada pamoja na wenzake wakamtambua kiini chake mwaka 1915 walipokuwa wakiwachunguza wachimba makaa ya mawe wa Kyushu. Nchini Tanzania ulipewa jina la homa ya mgunda mwaka 2022, ulipozuka katika Mkoa wa Lindi. Kufikia katikati ya Julai mwaka huo wagonjwa 20 walikuwa wamethibitishwa na 3 kati yao walikuwa wamefariki. Kwa mkulima wa mpunga anayesimama majini siku nzima, na kwa mtu wa mashua anayetoa kwa mikono takataka zilizosokota katika rafadha, njia ya maambukizo ni ile ile.

Nchini Uingereza ugonjwa huu hupata watu wachache kila mwaka, na wengi wa hao hupona. Hatari yake ni ule mwanzo wake wa hadaa. Baada ya siku 5 hadi 14, ingawa zinaweza kuwa 2 au hata 30, huja homa ya ghafla, kichwa, baridi na maumivu ya misuli, hasa ya miguu kwa nyuma pale penye nyama, na macho huwa mekundu. Mgonjwa husema mafua. Daktari wa mjini, asiyeambiwa lo lote, husema mafua vile vile. Katika wagonjwa wachache ini na figo hushambuliwa, macho na ngozi huwa manjano, na maisha huwa hatarini. Dawa za kuua bakteria, kama doksisaiklini na penisilini, hufaa zaidi zikianzwa mapema. Kwa hiyo sentensi moja, "Naishi katika mashua na juma lililopita nilijikata nikiwa majini," ina thamani kubwa mbele ya daktari kuliko maelezo marefu ya homa yenyewe.

Mbwa ana nafasi mbili katika habari hii. Anaweza kuugua: huacha kula, hutapika, hunywa maji kupita kiasi, na pengine macho yake huwa manjano. Anaweza pia kuambukiza, maana mbwa aliyepata ugonjwa huu huweza kutoa bakteria kwa mkojo kwa majuma kadhaa hata baada ya kupata nafuu. Katika mashua, mbwa mgonjwa akikojoa sakafuni amekojoa jikoni na chumbani kwa wakati mmoja. Ipo chanjo ya mbwa, nayo hurudiwa kila mwaka. Kwa watu wa kawaida nchini Uingereza haipo. Chanjo ya mbwa basi ni ngao ya wote wawili, na ni ajabu kwamba wenye mashua wengine huikumbuka bima ya injini kuliko hiyo.

Mengine yaliyobaki ni nidhamu ya mikono: plasta isiyopenya maji juu ya kila mkato kabla ya kushika kamba zilizolowa, glavu wakati wa kusafisha rafadha, na sabuni na maji ya tangi kabla ya kula.

MZIGO WA MANYOYA

Mbwa hutoka mashuani mtupu na kurudi na abiria. Njia zilizo kando ya mifereji, ambazo zamani zilikanyagwa na farasi waliovuta mashua, leo zina nyasi ndefu, na katika nyasi hukaa kupe. Kupe wa Ulaya aitwaye Ixodes ricinus huweza kubeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ulioitwa hivyo kwa mji mdogo wa Connecticut, Marekani, ambako ulianza kuchunguzwa mwaka 1975. Kiini chake kiligunduliwa na Willy Burgdorfer mwanzoni mwa miaka ya 1980, nacho kikaitwa Borrelia burgdorferi. Kiini hicho ni ndugu wa kile kiletacho homa ya papasi, ambayo wazee wa Tanganyika na Kongo waliijua sana, Mwingereza J. E. Dutton aliyeichunguza huko Kongo ilimuua yeye mwenyewe mjini Kasongo mwaka 1905.

Kupe huondolewa kwa kibano chenye ncha nyembamba, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila haraka. Kumpaka mafuta, kumchoma kwa njiti ya kiberiti au kumminya tumbo ni desturi mbaya, kwani kupe aliyesumbuliwa huweza kuyatapika matumbo yake ndani ya jeraha. Akiondolewa kabla ya siku moja kwisha, hatari ya Lyme hupungua sana. Tarehe huandikwa. Doa jekundu linalopanuka taratibu katika majuma yafuatayo, ambalo katika ngozi nyeusi huonekana kwa shida na huhitaji mwanga mzuri, ni sababu ya kumwona daktari hata kama haliwashi.

Zipo dawa za kupaka mgongoni mwa mbwa dhidi ya kupe na viroboto. Nyingi zina fiproni au imidaklopridi, na mabaki ya dawa hizo yamekutwa katika mito ya Uingereza, ambamo huwaua wadudu wa majini walio chakula cha samaki. Mbwa anayeruka mferejini kila siku huzipeleka huko yeye mwenyewe. Mwenye mashua ana haki ya kumwuliza daktari wa mifugo juu ya dawa isiyooshwa na maji.

Majira ya joto huleta jambo jingine. Maji yaliyotuama yakipata joto na mbolea iliyotiririka kutoka mashambani, hufunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Utando huo ni sianobakteria, na baadhi ya aina zake hutoa sumu za ini na za neva. Mtu aliyeoga humo hupata vipele au tumbo la kuendesha. Mbwa hunywa, kisha hutoka na kujiramba manyoya mpaka ameumaliza utando wote, na mbwa wamekufa kwa namna hiyo katika muda wa saa chache. Aliyetumbukia huoshwa kwa maji safi mara moja, kabla hajapata nafasi ya kujiramba, na hupelekwa kwa daktari bila kungoja dalili.

SANDUKU MOJA, WAGONJWA WAWILI

Sanduku la dawa la mashua halihitaji vitu vingi: plasta, bendeji, mkasi, kibano, kipimajoto, dawa ya kuosha vidonda, chumvi za kuhara na dawa ya maumivu. Linalohitajiwa zaidi ni kufuli. Mashua hugongwa ndani ya malango, rafu huanguka, na mbwa huwa wa kwanza kufika. Ibuprofeni, ambayo mtu humeza bila kufikiri, humletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake. Parasetamoli huharibu ini la mbwa na chembe zake nyekundu za damu. Mwenye huruma anayempa mbwa anayechechemea nusu ya kidonge chake mwenyewe anatenda kosa lenye nia njema. Ini la mbwa haliivunji dawa kama la mtu. Wapishi nao wakumbuke chokoleti, zabibu kavu, vitunguu na ile sukari bandia iitwayo zailitoli.

Majeraha ya mashua ni ya mikono na vidole: kamba iliyokaza, mlango wa jiko, ngazi yenye ukungu wa barafu. Katika yote, moto ndio unaohitaji kufikiriwa kabla. Mahali palipoungua hupozwa kwa maji baridi safi kwa dakika 20. Bomba linalotoa lita 3 kwa dakika litamaliza lita 60 kwa muda huo, na tangi la mashua halina kina. Maji ya mferejini hayafai, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Njia ya kufaa ni kuchota maji ya tangi katika beseni, kutia sehemu iliyoungua ndani yake, na kuyabadili yakianza kupata joto. Siagi na dawa ya meno hubaki mahali pao.

Mbwa aliyejeruhiwa huweza kumwuma hata anayempenda. Jeraha la meno huonekana dogo juu lakini ni refu ndani, na huoza upesi. Nchini Uingereza mbwa hawana kichaa, hivyo jambo kubwa ni bakteria wa kinywani. Msomaji wa Tanzania au Kenya asiuchukue mfano huo: huku kichaa cha mbwa kipo, na jeraha lo lote la mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

NAMBA YA DARAJA

Lipo tatizo moja ambalo halimo mwilini. Mashua isiyo na gati la kudumu, kwa sheria ya mwaka 1995, kwa kawaida haiwezi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Mgonjwa aliyepimwa mji mmoja hupata majibu akiwa mji mwingine, na mbwa aliyechanjwa kusini huugua kaskazini. Kliniki za serikali huko zimeagizwa zisimkatae mtu kwa kukosa hati ya makazi, lakini mtu huyo hana budi kujua haki hiyo, na hana budi kuchukua mwenyewe kumbukumbu zake na kadi ya chanjo ya mbwa wake.

Usiku wa dharura swali la kwanza la mpokea simu ni "Uko wapi?" Kando ya mfereji hakuna jina la mtaa wala namba ya nyumba, na kwa mgeni kila kona inafanana na nyingine. Lakini wahandisi wa zamani waliyapa madaraja namba, na kibao cha namba kwa kawaida kimepigiliwa juu ya tao la daraja. Jina la mfereji na namba ya daraja la karibu humwongoza dereva wa gari la wagonjwa mpaka kwenye njia ya kushukia majini. Kwa hiyo, kila kamba inapofungwa mahali papya, mambo hayo mawili huandikwa kwa herufi kubwa karibu na mlango, na chini yake namba ya simu ya daktari wa mifugo aliye karibu, ili hata mgeni aliyekuja kunywa chai aweze kuzisoma.